Askari akilinda kambi siku 7 mfululizo: yuko kazini au yuko stendibai?

#1 KarataYaMwisho (mleta mada)

Wakuu salaam. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu juzi, nikaona nililete hapa kabla halijapoa.

Slovenia ni kanchi kadogo, watu milioni 2 na kidogo, kamebanwa kati ya Italia, Austria, Hungaria na Kroatia. Kulikuwa na askari wa jeshi lao, cheo cha chini ya ofisa. Mahakamani anaitwa B.K. tu. Kuanzia Februari 2014 hadi Julai 2015, kila mwezi alikuwa anapangiwa wiki moja ya kulinda kambi. Nikisema wiki namaanisha wiki: siku 7, saa 24, hatoki. Wakija polisi au wakaguzi bila taarifa, yeye ndiye wa kuwapokea, kujaza fomu na kutekeleza atakachoambiwa na wakubwa zake. Wasipokuja, anakaa hapo hapo.

Wizara ya ulinzi ikapiga hesabu zake. Kwa siku, saa 8 ni kazi, mshahara wa kawaida. Saa 16 zilizobaki ni stendibai, yaani anasubiri tu kuitwa, anapewa posho ya asilimia 20 ya mshahara wa msingi. Wiki ina saa 168, kwa hiyo 56 ni kazi na 112 ni "kukaa tu". Jamaa akasema haiwezekani, mimi niko kambini kwa amri yenu, sijalala na mke wangu, watoto sijawaona, hizo 112 nilipeni kama saa za ziada.

Mahakama za chini zikamtupa. Mahakama Kuu yao ya juu kabisa ikasita, ikapeleka swali Luxembourg, kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Swali lenyewe: lile Agizo la Ulaya la saa za kazi, Namba 2003/88, linamhusu mwanajeshi au halimhusu? Tarehe 15 Julai 2021 jopo kubwa likatoa jibu, na jibu lile liliwakera wakubwa wa majeshi ya Ulaya, hasa Ufaransa.

Nitaeleza jibu, ila kwanza nataka kusikia nyie mnaonaje bila kuangalia.

#2 Chuma_cha_Pua

Jeshini hakuna ovataimu. Uzi ufungwe.

#3 Bint Ruvuma

Mkuu Chuma, hujasoma hata nusu. Mleta mada endelea, nimeweka kigoda.

#4 Mzee wa Kota Gadi

Vijana, hamjambo. Mimi nimestaafu, nimetumika miaka 26, kwa hiyo naomba niseme la moyoni kabla wanasheria hawajaharibu.

Ukila kiapo unajua unachokula. Sisi kota gadi, yaani lindo la kambi, ilikuwa unasimama kwa saa mbili, unapumzika kwa saa nne, unasimama tena kwa saa mbili, mpaka kunakucha. Na kupumzika kwenyewe buti ziko mguuni, mkanda haufunguliwi, silaha iko pembeni yako. Hakuna aliyekuwa anaandika saa. Ukimwambia afande "saa zangu zimekwisha" utakimbia kiwanja mpaka ujute kuzaliwa.

Na kuna sababu. Adui hakuulizi umelala saa ngapi. Mkianza kuhesabu saa, kesho mtahesabu risasi.

#5 KarataYaMwisho

Shikamoo mzee. Nakuheshimu, na nimefurahi umekuja. Lakini umenisaidia bila kujua: umesema "kupumzika kwenyewe buti ziko mguuni". Shika hapo hapo, tutarudi.

Sasa jibu la Luxembourg.

Kwanza walisema usalama wa taifa ni wa nchi yenyewe, mkataba wa Umoja wa Ulaya unasema hivyo. Ila hilo halimaanishi kila anayevaa magwanda anakuwa nje ya sheria ya Ulaya moja kwa moja. Wakaacha kutazama nguo, wakatazama kazi. Jeshi lina wapishi, makarani, mafundi magari, manesi, wahasibu, polisi wa jeshi. Kazi za utawala, matengenezo na afya zikifanywa na mwanajeshi wakati wa amani, hazitofautiani sana na zile za raia, na haziwezi kuondolewa zote kwa mkupuo.

Halafu wakachora mpaka. Agizo halimhusu mwanajeshi akiwa kwenye mafunzo ya awali au mafunzo ya kivita, au kwenye operesheni yenyewe. Halimhusu kama kazi yake ni ya pekee kiasi kwamba huwezi kupanga zamu za kupokezana. Halimhusu kwenye dharura kubwa, janga linalohitaji kila mkono. Na halimhusu pale ambapo kupanga hizo zamu kungeivuruga operesheni halisi ya kijeshi. Nje ya hapo, kulinda geti la kambi tulivu ni kazi kama kazi nyingine, na saa zake zinahesabiwa.

Agizo lenyewe linasema nini? Kwa wastani kazi isizidi saa 48 kwa wiki, pamoja na za ziada. Kila saa 24, mapumziko ya saa 11 mfululizo. Kila wiki siku moja ya kupumzika. Likizo wiki 4 kwa mwaka. Basi. Wala si mambo ya anasa.

#6 Chuma_cha_Pua

Kwa hiyo B.K. alilipwa?

#7 KarataYaMwisho

Hapo ndipo utamu ulipo mkuu. Mahakama ilisema Agizo hili linalinda afya na usalama, habari ya malipo kwa kawaida si yake. Kwa hiyo hata kama saa za kukaa kambini zinahesabika kuwa muda wa kazi, nchi inaweza kuzilipa kwa kiwango tofauti na saa ambazo kweli alifanya kitu. Yaani jamaa alikwenda kudai hela, akarudi na kanuni.

#8 Chuma_cha_Pua

😂😂😂 Ameshinda kesi ameshindwa mfuko.

#9 Sista Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi, niko wilayani, sitaji wapi. Jambo hili si geni kwetu. Kuna daktari wa Ujerumani, mji wa Kiel, kesi ya mwaka 2003. Hospitali ilimpa chumba chenye kitanda, ikasema ukiwa umelala hapo wakati hakuna mgonjwa ni mapumziko. Mahakama hiyo hiyo ya Luxembourg ikasema hapana, maadamu lazima awe hospitalini ni muda wa kazi wote, hata saa alizokuwa anakoroma. Kabla yake, mwaka 2000, kulikuwa na kesi ya madaktari wa Hispania iliyofungua mlango. Na 2018 mzimamoto wa kujitolea huko Nivelles, Ubelgiji, alitakiwa akiitwa afike kituoni ndani ya dakika 8. Dakika 8! Huwezi hata kwenda kwa shangazi yako. Wakasema hiyo nayo ni kazi, ingawa yuko nyumbani kwake.

Kwa hiyo mzee wangu wa Kota Gadi, kwa mtazamo wa hawa, ile saa nne yako ya kupumzika na buti mguuni ilikuwa kazi.

#10 Mzee wa Kota Gadi

Mwanangu, hilo hata mke wangu alikuwa ananiambia. Ila alikuwa hanilipi.

#11 Nairobi_Mpole

Wasee wa Bongo, mnaongea Ulaya sana, turudi nyumbani kidogo. Huku Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 imesema wazi kwamba haiwahusu wanajeshi wala askari wa akiba, polisi, magereza wala Huduma ya Vijana kwa Taifa. Na Katiba yetu ya 2010, ambayo kila mtu anaisifu, kifungu cha 24 kinaruhusu Bunge kupunguza haki kadhaa kwa watu wa jeshi letu, KDF, na polisi, na haki za kazi za kifungu cha 41 ziko ndani ya orodha hiyo. Kwa hivyo soja wetu hana pa kushika. Tanzania iko vipi?

#12 KarataYaMwisho

Ni ndugu wa tumbo moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwanzoni kabisa, inasema haiwahusu walio katika JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Imewaachia makatazo matatu tu: ajira ya mtoto, kazi ya kulazimishwa na ubaguzi. Saa za kazi, mapumziko, likizo, ovataimu, hayo yote yako nje kwao. Yanatawaliwa na kanuni za jeshi lenyewe.

Angalia basi tofauti ya namna ya kuandika sheria. Sisi tumemtoa mtu. Luxembourg wametoa shughuli. Sisi tukiona magwanda tunafunga kitabu, hata kama ndani ya magwanda kuna mhasibu anayepiga hesabu za mshahara kwenye ofisi yenye feni. Mimi naona kilichokosewa kiko hapo. Komandoo aliye porini simwekei saa ya ukutani, nani atafanya ujinga huo? Lakini fundi gari wa karakana ya kambi ana tofauti gani na fundi wa karakana ya halmashauri?

#13 Mzee wa Kota Gadi

Tofauti ni hii: fundi wa halmashauri usiku wa manane ukimpigia simu atazima. Fundi wangu atakuja. Na akija anajua kesho anaweza kupanda lori lile lile alilolitengeneza kwenda mpakani. Jeshi haliwezi kuwa na watu wa aina mbili.

#14 Goma_Lyon

Bandugu, mimi ni mutu wa Goma, niko Ufaransa miaka mingi. Mzee amesema kitu ambacho huku kilisemwa na wakubwa neno kwa neno.

Hukumu ilipotoka Julai 2021, Édouard Philippe, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliandika kwenye gazeti la Le Monde kuikataa. Kwa sheria yao ya ulinzi, mwanajeshi anaweza kuitwa kutumika wakati wowote na mahali popote. Kwao hiyo ndiyo roho ya jeshi. Ukisema huyu ana saa na yule hana saa, umepasua jeshi vipande viwili: wale wa vita na wale wa ofisi. Na jeshi la Ufaransa halifanani na la Slovenia, wakati ule walikuwa vitani Sahel, kusini mwa Sahara, na usiku huo huo wanalinda mitaa ya Paris.

Halafu kuna wale jandamu. Ni wanajeshi, ila kazi yao ni ya polisi vijijini, na tangu 2009 wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wanakaa kwenye nyumba za kambi pamoja na familia. Mmoja alikwenda Baraza la Nchi, mahakama yao kubwa ya mambo ya serikali, akidai ile saa 48 iwekwe kwao. Kila mtu alikaa kusubiri: watagombana na Luxembourg au watapiga magoti?

#15 Bint Ruvuma

Ikawaje? Usituache njiani kama tamthilia.

#16 Goma_Lyon

Tarehe 17 Desemba 2021 walipita katikati ya mvua bila kulowa. Baraza lilisema: tumetazama ratiba ya jandamu. Ule muda anaokaa nyumbani kwake kambini akisubiri kuitwa haubani maisha yake kiasi cha kuwa kazi yote. Ukiutoa, wastani wake hauvuki saa 48. Kwa hiyo Agizo halijavunjwa, kesi imekwisha, hatuna haja hata ya kuuliza kama Katiba yetu inakataa Agizo. Wakaongeza kwamba wakilazimika siku moja, watalilinda jeshi kwanza.

Hakuna aliyepiga magoti, hakuna aliyegombana. Mafaransa wanajua kupika.

#17 Sista Zamu ya Usiku

Kwa hiyo kinachoamua ni urefu wa kamba. Dakika 8 kamba ni fupi, ni kazi. Ukiachiwa kuoga, kula na kucheza na mtoto, kamba ni ndefu, si kazi yote.

#18 Goma_Lyon

Umepatia dada.

#19 Chuma_cha_Pua

Mimi bado niko palepale. Mkianza na saa, mtakuja na chama cha wafanyakazi, mtakuja na mgomo. Someni historia. Januari 1964 hapa kwetu ilianzia wapi? Kambi ya Colito.

#20 Mzee wa Kota Gadi

Kijana umegusa penyewe. Wengi humu mlikuwa hamjazaliwa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles pale Colito, ndiyo Lugalo ya leo, waliwafungia maofisa wao Waingereza wakaingia mjini. Madai yao yalikuwa mshahara, na maofisa wawe Waafrika. Siku chache baadaye moto ukawaka Jinja kwa Waganda na Lanet kwa Wakenya. Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza, wale makomandoo wa majini wakashuka tarehe 25. Jeshi lote likavunjwa, likaundwa jipya, JWTZ, tarehe 1 Septemba mwaka huo huo.

Kwa hiyo mkimwona mzee wa jeshi anashtuka akisikia neno "madai", si ukaidi. Tumefundishwa na wale waliofundishwa na lile tukio.

#21 KarataYaMwisho

Mzee, hoja hii ndiyo nzito kuliko zote kwenye uzi huu, siipuuzi. Ila niulize kwa adabu: wale wa Colito walikuwa na mlango gani mwingine wa kupitisha shida zao? Madai yalikuwepo kabla ya tarehe 20. Waliokosa mlango walivunja ukuta.

Afrika Kusini wamejaribu njia nyingine. Sheria yao ilikuwa inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha wafanyakazi. Chama cha wanajeshi, SANDU, kikaenda Mahakama ya Katiba, na Mei 1999 mahakama ikasema mwanajeshi, ingawa hana mkataba wa ajira wa kawaida, anahesabika kuwa mfanyakazi kwa maana ya Katiba, na marufuku ile ikafutwa. Kugoma hakukuruhusiwa.

#22 Chuma_cha_Pua

Malizia basi. Agosti 2009 wanajeshi hao hao waliandamana hadi Union Buildings Pretoria kudai mshahara, wakaruka uzio, polisi wakawapiga risasi za mpira. Wanajeshi na polisi wanapigana mbele ya ofisi ya Rais! Ndiyo mlango wenyewe huo?

#23 KarataYaMwisho

Nakubali. Lile lilikuwa aibu, na sina jibu safi. Ila saa za kazi si lazima zipitie kwenye chama. Zinaweza kuandikwa na jeshi lenyewe. Wajerumani wamefanya hivyo.

#24 Chausiku wa Stuttgart

Nimeitwa? 😄 Mimi niko Ujerumani, shemeji yangu yuko jeshini, fundi wa magari ya deraya. Wao hawakungoja kesi ya Slovenia. Tangu tarehe 1 Januari 2016 wana kanuni ya saa za kazi za wanajeshi: saa 41 kwa wiki kwenye kazi za kawaida za kambi. Shemeji anaandika saa zake kama karani. Akienda operesheni ya nje, mazoezi ya siku nyingi, safari ya meli ya siku kadhaa, au kusaidia kwenye mafuriko, kanuni hiyo inakaa pembeni, kuna utaratibu mwingine wa kufidia.

Kazi inakwenda? Inakwenda, lakini malalamiko hayaishi. Yeye mwenyewe ananung'unika. Zamani mkuu wa kikosi akitaka watu usiku anaamuru tu, siku hizi anafungua jedwali kwanza. Mazoezi yakikaribia mwisho wa wiki kuna hesabu ndefu ya siku za kufidia, halafu hao waliofidiwa Jumatatu hawapo, gari halitengenezwi. Vijana wanaipenda, wazee hawaipendi. Jeshi halijavunjika lakini.

#25 Nairobi_Mpole

Uingereza nao walikwepa kijanja. Hawakuhesabu saa, walitia bei. Mshahara wa msingi wa mwanajeshi wao una nyongeza inaitwa X-Factor, asilimia 14.5, ya kufidia ubaya wa maisha ya jeshi kwa ujumla: kuhamishwa hamishwa, hatari, kukaa mbali na familia, saa zisizojulikana. Na sheria yao ya kima cha chini cha mshahara haiwahusu wanajeshi. Yaani tunakununua mzima mzima, usituletee risiti ya kila saa.

#26 MkeWaAfande

Nimekuwa nasoma tu kimya. Naomba niongee upande ambao hamuugusi.

Mume wangu yuko kwenye hizo kazi. Sisemi kikosi, sisemi cheo. Mnabishana kuhusu posho, mimi sijali posho. Mimi ninachokiona ni mtu anarudi asubuhi, anakaa kwenye kochi kuvua buti, analala na buti moja mkononi. Mtoto akiangusha sahani anaruka. Siku moja aliendesha gari kunipeleka kliniki baada ya kutoka lindo, tukaenda na mtaro. Hatukuumia. Alisema "nilipepesa tu". Hakupepesa. Alilala.

Hiyo saa 11 ya kupumzika mnayoisema ya Ulaya, mimi ningeichukua hata bila senti tano juu yake.

#27 Bint Ruvuma

Pole sana mama. Umenyamazisha uzi.

#28 Sista Zamu ya Usiku

Pole dada. Na umesema ukweli ambao hata wanajeshi wenyewe wameandika. Mwaka 2017 meli mbili za kivita za Marekani ziligongana na meli za biashara ndani ya miezi miwili na kitu. USS Fitzgerald karibu na Japani tarehe 17 Juni, wakafa 7. USS John S. McCain karibu na Singapore tarehe 21 Agosti, wakafa 10. Hakukuwa na vita wala adui. Uchunguzi ulitaja mengi, mafunzo mabovu na uongozi, lakini uchovu ulikuwa ndani yake. Wakaguzi wa Bunge lao walisema kipimo cha jeshi la majini chenyewe kilikuwa saa 81 za zamu kwa wiki, na utafiti wa jeshi hilo hilo ulikuta mabaharia wako kwenye saa 108.

Mzee alisema adui hakuulizi umelala saa ngapi. Kweli kabisa, hakuulizi. Anakukuta umesinzia.

#29 Mzee wa Kota Gadi

Sista, hiyo imenipata. Mimi mwenyewe nilishawahi kulala nimesimama. Mtu asikudanganye kwamba haiwezekani, bunduki inakushikilia. Nikakutwa. Adhabu yake siitaji humu.

Lakini nisikilizeni. Sikatai mapumziko. Kamanda mzuri anawalaza watu wake kabla ya kula yeye. Ninachokataa ni kwamba iwe haki ya kwenda nayo mahakamani, hakimu aliyelala kwake usiku mzima aje anifundishe kupanga gadi. Ibaki mikononi mwa kamanda.

#30 KarataYaMwisho

Na kamanda mbaya je?

#31 Mzee wa Kota Gadi

Kamanda mbaya yupo kila mahali mwanangu. Hata kwenye halmashauri yako ya mafundi.

#32 LindoLaUsiku

Samahanini wakubwa, mimi naingia kwa kuchelewa, nilikuwa zamu. Mimi si jeshi, ni mlinzi wa kampuni binafsi hapa Dar. Jina la kampuni naliacha.

Nimesoma uzi wote, nikacheka peke yangu getini. Huyo wa Slovenia wiki moja kwa mwezi na kesi ikafika Ulaya nzima. Mimi naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki, mwezi mzima, mwaka mzima. Mwenzangu asipofika naendelea mchana. Nikiuliza ovataimu naambiwa "hii ni kazi ya kiaskari, askari hahesabu saa". Sasa mimi kumbe niko kundi gani? Nami nimetolewa kwenye sheria kama jeshi?

#33 KarataYaMwisho

Ndugu yangu, hapana. Hapana kabisa. Sare yako isikuchanganye, wala isimchanganye bosi wako. Waliotolewa ni JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Mlinzi wa kampuni binafsi ni mfanyakazi kama muuza duka, sheria ya 2004 yote ni yako.

Tuhesabu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Ziada mwisho saa 50 kwa kila wiki 4, tena kwa makubaliano, na inalipwa mara moja na nusu. Siku moja isizidi saa 12 na ziada zikiwa ndani. Kati ya siku na siku upumzike saa 12 mfululizo. Kwa hiyo wiki 4 kisheria mwisho ni 45 mara 4, ni 180, jumlisha 50, jumla 230. Wewe unafanya 12 mara 6, ni 72 kwa wiki, wiki 4 ni 288. Umezidishiwa saa 58 ambazo hata kwa kukulipa hawaruhusiwi kukupa. Na siku unayoendelea mchana ni kosa juu ya kosa. Kazi ya usiku nayo ina nyongeza yake ya asilimia 5.

#34 Chuma_cha_Pua

Eti "askari hahesabu saa". Mimi nimesema jeshini hakuna ovataimu, sikusema getini kwa tajiri hakuna. Huyo bosi anatumia jina la jeshi vibaya.

#35 Mzee wa Kota Gadi

Hapo tuko pamoja wote. Jeshini walau nilikula, nililala, nilitibiwa, na nimestaafu na pensheni. Huyu kijana amepewa ugumu wa jeshi bila jeshi.

#36 Nairobi_Mpole

Huku pia masoja wa geti ni hivyo hivyo. Karatasi inawalinda, geti haliwalindi.

#37 LindoLaUsiku

Sasa nafanyaje? Nikienda kulalamika kesho nimepoteza kazi.

#38 KarataYaMwisho

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza Fomu Namba 1, unampa mwajiri nakala. Madai ya malipo kama haya unayo siku 60 tangu yalipotokea, ukiachishwa kazi ni siku 30, ukichelewa unaomba uongezewe muda na unaeleza kwa nini. Usiende peke yako, mkienda watano ni bora. Kama kuna chama cha wafanyakazi wa sekta yenu, anzia hapo. Na uende na ushahidi. Kitabu cha lindo kinaandika umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi, kila siku, na sahihi ya msimamizi. Hicho ndicho kitu.

#39 LindoLaUsiku

Kitabu kinakaa ofisini kwa msimamizi. Kikijaa wanakichukua.

#40 Sista Zamu ya Usiku

Kipige picha kila asubuhi kabla hujakabidhi.

#41 LindoLaUsiku

Simu haziruhusiwi lindoni.

#42 Chuma_cha_Pua

Sasa hapa unaandika na nini?

#43 LindoLaUsiku

😂 Afande, usinichome. Gari la doria hilo linakuja, naizima.